Mgomba wa Papa Niliourudisha

Delhi, Jumapili, baada ya ibada

Mama yangu mpendwa,

Kwanza nauliza magoti. Mapendo aliniambia kwenye simu kwamba goti la kushoto limekukataza kushuka ziwani, na kwamba unakasirika mtu akitaka kukushika mkono. Kubali ushikwe, Mama, hakuna anayekuhesabia aibu. Nauliza pia mvua ya hapo Shasha, na maharage uliyopanda nyuma ya nyumba, na kikohozi cha mjukuu wako. Mimi ni mzima, namshukuru Mungu. Ila baridi ya Delhi mwezi huu imenifanya nivae soksi mbili mbili, na bado vidole vinalalamika.

Barua hii utaipata mkononi mwa Papa Hangi, mkulima wa milimani kwetu Masisi, aliyekuja huku kutibiwa moyo. Anarudi kwa ndege mpaka Kigali, atavuka kuingia Goma, na wanawe wameahidi kumfikisha Shasha. Mpe kiti chenye mgongo na chai isiyo na sukari, daktari amemkataza. Na wewe Mapendo, ndugu yangu, unayesoma kwa sauti, nakuomba usiruke mstari hata mmoja. Najua tabia yako ya kuruka mabaya na kusema "anasalimia watu wote". Leo soma yote, hata ukiona Mama amegeuza uso.

Maana nina jambo la kukuomba msamaha, Mama, na linahusu Papa, baba yetu, na ule mgomba. Ningeweza kupiga simu, lakini najijua. Nikisikia sauti yako nitaanza kuuliza habari za kuku, kisha nitasema mtandao ni mbaya, na nitakata. Nimefanya hivyo mara nyingi. Kwa hiyo naandika, na naomba uvumilie nianze mbali kidogo, kwa sababu jambo lenyewe lilinishika mahali ambapo sikulitarajia.

Kazi yangu unaijua. Wagonjwa wanatoka Goma, Bukavu, Butembo, mpaka Kinshasa, wanakuja hospitali za huku, na mimi nawasemea kwa madaktari. Mgonjwa anasema kwa Kiswahili ao kwa Kifaransa mahali panapouma, mimi namgeuzia daktari kwa Kiingereza, na majibu nayarudisha. Sasa, mtu akishapona na kabla ya kupanda ndege, karibu wote wana ombi moja: wapelekwe Agra kuona Taj Mahal. Hawawezi kurudi nyumbani bila picha. Watu watawauliza India walifika kweli ao walilala tu hospitalini?

Ni kaburi, Mama. Zamani nchi hii ilitawaliwa na wafalme Waislamu wanaoitwa Wamughal, nao walipenda kujenga: ngome, misikiti, bustani, na zaidi ya yote makaburi. Mmoja wao alifiwa na mke aliyempenda sana, alikufa akizaa, na mfalme akamjengea nyumba ya mawe meupe kando ya mto, kubwa kuliko kanisa lolote uliloliona wewe. Kutoka Delhi ni mwendo wa saa kadhaa kwa gari. Nimewapeleka watu wengi hata dereva ananitania kwamba na mimi nina marehemu wangu mle ndani.

Kila mtu hulipokea kwa namna yake. Mama mmoja muuza vitenge wa Goma alilitazama kitambo kirefu, nikafikiri amezidiwa, kumbe alitaka kujua nani hulifua likawa jeupe hivyo. Mchungaji mmoja alikataa kuingia, akasema hana desturi ya kuingia nyumba ya wafu asiowajua. Akabaki bustanini na biskuti zake. Wenzake walipotoka wanasimulia, alinuna njia nzima. Wasioweza safari ndefu nawapeleka kwenye kaburi lingine hapa hapa Delhi, jekundu, la zamani zaidi ya lile. Mle kuna mawe mengi ya makaburi yasiyo na jina. Ukimuuliza mwongozaji ni ya nani, anapunga mkono na kusema ni jamaa ya mfalme. Mimi nilikuwa natafsiri hayo yote mdomo ukienda wenyewe, na akili iko kwenye chakula cha mchana.

Basi wiki iliyopita ikawa zamu ya Papa Hangi. Mwanawe aliyemsindikiza alibaki Delhi kufuatilia karatasi za hospitali, tukaenda sisi wawili. Tulifika asubuhi, na ukungu ulikuwa umefunika kila kitu. Tulipita lango kubwa la mawe mekundu, tukatazama mbele, hakuna kitu. Watalii wengine walilalamika. Papa Hangi akasema kumbe amevushwa bahari kuonyeshwa ukungu, na ukungu wa Masisi ni mzuri zaidi, tena una harufu ya ng'ombe. Tukaketi kwenye benchi. Alipumzika, akanieleza habari za shamba lake, mihogo iliyoshikwa na ugonjwa, maharage yaliyokubali. Kisha ukungu ukaanza kupanda, na lile jengo likatokea pole pole kuanzia chini, ngazi, milango, kuta, mpaka kichwa chake cha mviringo. Papa Hangi akavua kofia, hakuivaa tena mpaka tulipotoka langoni.

Kuna wapiga picha pale wanaokupanga mkono ili kwenye picha uonekane umeshika jengo kwa vidole, pale juu kabisa. Wote hupenda hiyo. Papa Hangi alikataa, akasema nyumba ya marehemu haishikwi kichwa. Lakini alipofika kwenye uwanja wa mawe unaozunguka kaburi, laini na safi, alicheka kwa mara ya kwanza tangu operesheni. Alisema hapa mtu angeanika maharage ya Masisi yote kwa siku moja, na mvua ikija ingekuwa kazi ya majeshi kuyaanua. Akagusa maua ya mawe ya rangi yaliyopachikwa ukutani, akatafuta kati yake ua la maharage. Halikuwapo, na ilimsikitisha kidogo.

Ndani ni giza giza, watu wanazunguka uzio wa jiwe lililotobolewa tobolewa, na walinzi wanapuliza filimbi kumhimiza anayesimama sana. Katikati kuna kaburi la mke, kando yake la mume. Mwongozaji wetu akasema yale anayosema siku zote, kwamba haya mawili tunayoyaona ni matupu. Wenyewe wamelazwa chini, kwenye chumba kilichofungwa, ambacho hufunguliwa siku chache tu kwa mwaka. Mimi nikatafsiri kama kawaida. Papa Hangi akanishika mkono nisiendelee kutembea.

"Haiko mutu mu hii?" akauliza.

Nikamwambia hakuna.

"Na hawa batu bote banatoka mbali, banakuya kuinama mbele ya jiwe yenye haiko kitu?"

Nikasema ndiyo. Nilitazamia acheke, kama wengine. Yeye akatikisa kichwa akikubali, akasema: "Banafanya muzuri. Sisi pia tunazikaka mugomba."

Mlinzi akapuliza filimbi, tukatoka. Nje, kwenye kivuli cha ukuta, akanisimulia jinsi walivyomzika mdogo wake aliyepotelea njia ya Buleusa na mwili wake haukuonekana. Walikata mgomba wa urefu wake, wakauviringisha katika blanketi lake, wakauimbia nyimbo zote za maziko, na mke wa marehemu akalia mpaka akamaliza. Baada ya hapo aliweza kulala. Alisema siku ile ya mgomba ndiyo mama yule alianza kupona.

Kisha akaendelea, Mama, bila kujua anaongea na nani. Akasema milimani kwetu kuna nyumba moja tu ambako mgomba ulirudishwa. Ni nyumba ya mtu mmoja, Kitsa, aliyekwenda Itebero, kule Walikale, na mzigo wa maharage, hakurudi. Siku ya maziko mtoto wake wa kwanza alisimama akasema baba yake ni mzima. "Na ile mama, mupaka leo, iko ku barabara ya Sake anauliza batu ya Walikale kama banamuona bwana yake. Nilimuonaka na macho yangu."

Mimi nilikuwa nimeshika kofia yake. Nikamwambia, Papa Hangi, huyo mtoto ni mimi.

Nakuandikia sasa yale niliyomwambia, na wewe uyasikie, maana ulipaswa kuyasikia kabla yake. Papa alipokwenda Itebero kubadilisha maharage kwa mafuta ya mawese, walikwenda watatu. Wenzake wawili walirudi miguu imevimba, wakasema vita iliwakuta kwenye kivuko, risasi zililia, na walimwona Papa akianguka majini na mzigo wake, na maji yakamchukua. Ulisikia na mimi nilisikia. Tuliwaamini. Ulinyolewa nywele, ukaketi kwenye mkeka, na baba mdogo akaenda kukata mgomba.

Nikawaona wanaume wanne wanapanda njia ya nyumbani, wameubeba begani kama mtu, na lile blanketi la Papa lenye mistari limeufunika. Baba mdogo akaniita nikasimame ukingoni mwa shimo, kwa kuwa mwana wa kwanza ndiye anayetupa udongo wa kwanza. Nikakutazama, Mama. Ulikuwa unatazama lile blanketi, na uso wako sikuwahi kuuona hivyo, sikuweza kuustahimili. Nikafungua mdomo nikasema wasimame, nimekutana na mchukuzi wa baiskeli huko bondeni, na amemwona Papa Itebero, ni mzima.

Hakukuwa na mchukuzi, Mama.

Baba mdogo aliniuliza maswali, na kila swali nikaongeza chumvi. Nikasema mguu umeumia ndiyo maana hajarudi, atakuja njia ikifunguka. Na wewe ulipouliza kama alisema neno lolote, nikasema aliuliza kama Mapendo amepona malaria. Hapo ndipo uliposimama kutoka kwenye mkeka. Ulisimama kwa neno hilo. Mapendo, najua umelishika neno hilo miaka yote kwamba Papa alikutaja. Hakuna aliyekutaja. Nililitoa kichwani mwangu, na nimekunyang'anya leo kitu ambacho sikuwa na haki ya kukupa.

Nilifikiri ni kwa siku mbili tatu, mpaka upate nguvu. Nilidhani utaona mwenyewe harudi, na jambo litajimaliza bila mimi. Ule mgomba ulibaki uani, mbuzi wakaanza kuutafuna, na mtu alipotaka kuwafukuza ulisema waacheni wale, mwenyewe anarudi. Nilisikia hivyo nikaenda nyuma ya jiko kupasua kuni. Na bado sikusema. Baadaye vita ilitushusha Shasha, nikapata masomo ya huku, nikaondoka. Ulinisindikiza mpaka kwenye gari, na dirishani hukuniambia nijitunze kama mama wengine. Uliniambia nikikutana tena na yule mchukuzi nimuulize Papa alivaa nini.

Nimeona matunda ya uongo ule kila ninapopiga simu. Unamwekea Papa chakula kando kila Jumamosi, siku aliyozoea kurudi safarini. Hukubali kuitwa mjane, na mke wa mtu vile vile siyo. Shemeji alipoleta ng'ombe na mbuzi wa mahari ya Mapendo, baba mdogo alikataa kupokea, akasema mtoto wa mtu aliye hai hutolewa na baba yake mwenyewe. Alisema hivyo kwa sababu ya neno langu, si kwa ubaya. Basi Mapendo anakaa na mume bila ndoa kubarikiwa kanisani, kwa kuwa mahari haikupokelewa, anatazama wenzake wanakwenda kwenye meza ya Bwana, yeye anabaki kwenye benchi na mtoto. Mimi huku naitwa fundi wa kusemea watu. Wagonjwa wananishukuru eti sipunguzi neno wala siongezi.

Papa Hangi alinisikiliza mpaka mwisho. Watu walikuwa wanapita mbele yetu wanacheka na kupigana picha. Hakunikaripia, na hilo lilinichoma zaidi. Aliuliza tu kama nina karatasi nyumbani. Nikasema ninayo.

"Mama yako umemusimamisha ku mulango," akasema. "Haingie, hatoke. Andika. Miye nitabeba hii barua, lakini maneno yake sitaisema na kinywa yangu. Iko ya kwako."

Tulirudi Delhi. Njiani nilifikiri juu ya mfalme yule. Alikuwa na mawe kutoka nchi nyingi, na mafundi, na tembo wa kubeba, akamfanyia mkewe yote hayo, na bado jiwe la juu ni tupu na watu wanaliheshimu. Papa alihitaji mgomba mmoja tu. Ulikuwa umekatwa tayari, umefika tayari. Nikamnyima. Najuta, Mama. Sijui neno kubwa zaidi ya hilo, lingekuwapo ningeliandika.

Sasa sikia ombi langu. Mwite baba mdogo, asomewe barua hii, akasirike mpaka amalize. Kisha akate mgomba, wa urefu wa Papa, yeye anaukumbuka, walikuwa sawa mabega. Kama mlimani hakuna usalama, zikeni hapo Shasha, Papa hatakataa udongo wa hapo. Ketini, mlie, mwimbe. Baada ya hapo baba mdogo atakuwa na haki ya kupokea mahari, na Mapendo aende kanisani na mume wake na mtoto wao.

Utataka kuningoja. Usiningoje. Pasipoti yangu iko ofisini wanakoongeza muda wa kibali, na wenyewe hawajui watairudisha lini. Hata ingekuwa mfukoni, nisingetaka siku nyingine moja ipite ukiwa unangoja mtu kwa sababu yangu. Udongo wa kwanza atupe Mapendo. Baba mdogo atasema haijawahi kuonekana binti akatangulia. Mwambieni mwana wa kwanza aliitwa ukingoni akaharibu, na nafasi yake amemwachia dada yake. Mimi siku hiyo niambieni saa tu. Sitafanya kazi, nitakaa chini sakafuni chumbani kwangu kama mwana aliyefiwa.

Na kama hutaki kuzungumza nami baada ya barua hii, nitaelewa. Nitapiga Jumapili kama kawaida. Usipopokea, nitapiga Jumapili nyingine.

Nisalimie baba mdogo, na umwambie nitapiga magoti mbele yake siku nikifika. Nisalimie shemeji yangu, mvumilivu yule, aliyekaa na dada yangu bila sherehe na bila maneno. Mjukuu wako mpe busu kwenye paji, na mpeni asali kwa kikohozi. Nisalimie katekista, na jirani yetu anayekuuzia samaki wa sambaza kwa moyo mwema. Mapendo, asante kwa kufika mpaka hapa bila kuruka.

Papa simtumii salamu safari hii. Katika barua zangu zote niliandika mwishoni kwamba akifika mumsalimie, na kila mara mkono ulikuwa mzito, nikaandika tu. Mama, wakipita watu wa Walikale barabarani, waache waende zao. Hakuna kati yao aliyemwona.

Ni mimi mwanao,

Bauma, mtoto wa marehemu Kitsa